Naomba ushauri: mdogo wangu hapati usingizi, na hali yake yanitia wasiwasi

Assalam aleikum wanajamvi. Tuko Kisauni, Mombasa. Mdogo wangu ana miaka 26, afanya zamu ya usiku kwenye yadi ya makontena. Akirudi asubuhi, chumba cha mabati kishaanza kuchemka, watoto wa jirani wapiga kelele mlangoni, na muguka aliotafuna asisinzie kazini bado umo mwilini. Alala masaa mawili, akizidi matatu. Mtu mzima ahitaji angalau 7!

Sasa kabadilika. Alikuwa mcheshi wa baraza. Siku hizi mahamri na mbaazi vyapoa mbele yake, ukimuuliza afoka. Juzi kamwambia mama, "Sijui naamkia nini." Neno hilo lilinishtua.

Mama ataka asomewe kisomo cha Kurani, nami sipingi. Lakini nimesoma kuwa kukosa usingizi huchangia sonona (ugonjwa wa huzuni nzito, depression), na sonona nayo hufukuza usingizi, basi sijui tuanzie wapi. Rafikize wamwambia anunue vidonge vya usingizi dukani. Hapo nakataa, tiba inayopendekezwa kwanza kwa usingizi uliopotea muda mrefu ni ya mazungumzo na kurekebisha mazoea ya kulala.

Kuna aliyefanya kazi ya usiku akapata nafuu bila kuiacha? Mshauri nasaha mzuri Mombasa, bei ya wastani, nitampata wapi? Nimuulize waziwazi kama awaza kujidhuru? Na mlimshawishi vipi mtu ambaye kila ukitaja daktari ajibu, "Mimi si mwendawazimu"?