Naomba ushauri: mikono ya avata inakatakata mtandao ukiyumba

Habari zenu wakuu. Natengeneza kijiwe cha uhalisia pepe (VR) kwa Unity, programu ya kutengenezea gemu, watu wanavaa miwani ya Quest 2 na kupiga stori. Mimi niko Sinza, mwenzangu Mbagala, hapa hapa Dar, ila seva iko Frankfurt, Ujerumani.

Avata yangu (umbo linaloniwakilisha humo ndani) kwangu inaenda laini. Ya mwenzangu mikono inakatakata, hasa akipunga. Natuma mkao wa kichwa na mikono mara 20 kwa sekunde, kioo kinachora picha 72 kwa sekunde, kwa hiyo katikati najazia: nina bafa (akiba ya data inayosubiri kidogo kabla ya kuonyeshwa) ya milisekunde 100, na mizunguko naipitisha Quaternion.Slerp, amri ya Unity ya kulainisha mzunguko kati ya mikao miwili. Akiwa kwenye faiba, safi kabisa. Akihamia bando la simu, pakiti (vipande vya data) zinafika kwa kupishana, bafa inakauka, mkono unaganda halafu unaruka.

Nikipandisha bafa hadi 250 mikono inatulia, ila sauti inatangulia ishara. Mtu anakuaga kwanza, mkono unapunga baadaye (tumecheka sana). Kubashiri mkono utakuwa wapi kwa kufuata kasi yake ya mwisho nako kunapitiliza, mkono unatoboa meza.

Je, bafa ijirekebishe yenyewe kufuata hali ya mtandao? Au nibashiri kichwa tu, mikono isubiri? Na sauti niicheleweshe ilingane? Kuhamisha seva msinishauri, mfuko hauruhusu.