Mrejesho: ile supu ya Kichina iliyonishinda

Wapendwa, wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini supu yangu ya kamba na ngisi ya mtindo wa Sichuan, lile jimbo la China, inatoka chungu, tena ngisi anatafunika kama kandambili. Nimerudi.

Uchungu niliuleta mwenyewe. Nilikuwa nakaanga huajiao, zile punje zinazotia ganzi ulimi, kwa moto mkali mpaka zinakuwa nyeusi. (Kumbe si pilipili hata kidogo, ni ndugu wa limau na chungwa!) Safari hii moto ulikuwa mdogo, nikazitoa zilipoanza kunukia, ndipo nikatia doubanjiang, lile rojo la pilipili na maharage yaliyochachushwa, nikakoroga taratibu hadi mafuta yakawa mekundu. Tangawizi, kitunguu saumu, kisha maji ya kamba.

Hapo kwenye maji ya kamba: aliyeniambia nisitupe maganda na vichwa, Mungu akuzidishie. Niliyakaanga, nikayachemsha dakika 20, nikachuja. Ladha ya bahari ilikuja yenyewe bila vile vidonge vya supu. Ngisi nilimtia mwisho kabisa, dakika moja tu, nikazima jiko. Laini!

Nilipokosea ni chumvi. Doubanjiang yenyewe ina chumvi nyingi, na mimi kwa mazoea nikaongeza kijiko. Ikabidi niokoe kwa maji na vipande vya tofu, ile kama jibini inayotokana na soya. Baba watoto alimaliza mabakuli mawili na wali huku kamasi zikimtoka, akisema ulimi hausikii kitu ila nimwongeze.