Chuo kikiombwa kupokea maktaba ya rais mstaafu, Seneti iingie wapi?

raskazone_msomaji
Wakuu, tuseme chuo cha hapa Tanga kimeombwa eneo la maktaba ya rais mstaafu: nyaraka, makumbusho na kituo cha utafiti wa sera. Uongozi ukisema ardhi ni ya Baraza la Chuo, Seneti (chombo cha chuo cha masuala ya kitaaluma) itaarifiwa tu, wahadhiri wana sauti gani? Na waitoe lini? Waliofuatilia ya Marekani naomba mifano.

mkutubi_chumbageni
Ardhi ni ya Baraza, hilo halina ubishi. Ila hapo mmeletewa vitu vitatu kwenye kitita kimoja. Kifungueni kwanza.

Chuo cha Duke, 1981: rais wa chuo alikwishaanza mazungumzo na Nixon, aliyesomea sheria pale, kabla wahadhiri hawajashirikishwa. Baraza la wahadhiri lilipopiga kura, 35 walikataa, 34 wakakubali. Kilichowakera zaidi ni makumbusho ya kumtukuza mtu, si nyaraka. Maktaba ikaja kufunguliwa Yorba Linda, California, 1990.

Stanford walikuwa makini zaidi kwa Reagan. Nyaraka sawa, lakini kituo cha sera kisichowajibika kwa chuo hawakukitaka, maana tayari walikuwa na Hoover Institution, kituo cha sera kilichomo chuoni hapo, na mivutano yake. Kituo kikatolewa kwenye mpango. Ikabaki mizozo ya ukubwa wa jengo na magari, na 1987 mradi ukahama. Leo maktaba iko Simi Valley.

Chuo cha SMU (Southern Methodist University) cha Dallas kilikubali kitita chote cha George W. Bush 2008. Nyaraka na makumbusho vinaendeshwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, lakini taasisi ya sera iko chini ya wakfu wa Bush, chuo hakiiamrishi. Wahadhiri walilipinga hilo mapema kabisa, na bado likapita.

sheria_ngamiani
Naongezea. Msigombee ardhi, mtashindwa. Gombeeni yaliyo ya Seneti: vyeo vya kitaaluma, mitaala, shahada, na matumizi ya jina la chuo. Ombeni rasimu kabla ya saini, si muhtasari wake. Kamati ya "ushauri" inayoundwa baada ya saini haina meno.

Kwenye rasimu someni vifungu vya uteuzi kwanza. Nani anamteua mkurugenzi wa kituo? Mtafiti wake akitaka kuitwa mhadhiri wa chuo, apite kamati ileile ya ajira na upandishaji vyeo anayopita kila mtu. Kifungu hiki kikikosekana, mtaamka siku moja mna "maprofesa" msiowajua.

Halafu ulizeni: masanduku yatakuwa na nini? Kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002, kumbukumbu za serikali ni za umma, na kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30. Mstaafu hawezi kuzigawa kama mali yake. Huenda mkabaki na barua binafsi, picha na zawadi. Hiyo ni makumbusho, basi msiiuze kwa watafiti kama hazina ya Ikulu.

raskazone_msomaji
Asante sana. Na gharama za uendeshaji?

mkutubi_chumbageni
Hapo ndipo pa kukaza. Marekani, sheria ya 1986 ililazimisha wakfu kuweka amana (mfuko wa kuendeshea maktaba) ya asilimia 20 ya gharama za ujenzi kabla serikali haijapokea jengo, na baadaye kiwango kikapandishwa. Nanyi andikeni amana, si ahadi.

Kwa pwani yetu unyevu ndio adui. Pini ya chuma kwenye faili hushika kutu, doa la kahawia linapenya kurasa tatu nne, kisha karatasi inatoboka palepale. Pini zitolewe wakati wa kupokea, karatasi kwa karatasi, na kazi hiyo inataka mishahara ya miezi mingi. Kiyoyozi kinachozimwa jioni kuokoa umeme kinaleta madhara: chumba kikipata joto na unyevu usiku, karatasi inavimba na kusinyaa kila siku, ukungu unafuata. Kiwake saa 24, na jenereta iwe na bajeti ya mafuta. Rafu ya chini ikae juu ya sakafu walau sentimita 15, isiguse ukuta. Mchwa hupanda na ukuta.

sheria_ngamiani
Na bajeti hiyo iwe kiambatisho cha mkataba wenyewe. Ikibaki kwenye barua ya kusindikiza, haimfungi mtu.