Nitajuaje kwamba ni uongozi wa Mungu na si matakwa yangu tu?

Tumaini:
Bwana asifiwe, wapendwa. Nimepewa nafasi ya kazi katika mji mwingine, na sina budi kujibu kabla mwezi haujaisha. Kazi niliyo nayo sasa ni halali na inanitosha. Hiyo nyingine nayo ni halali, ila itaniweka mbali na wazazi wangu ambao umri umesonga. Nimefunga na kuomba, lakini kila nikitulia nisikilize, ninachosikia ni mawazo yangu mwenyewe yakibishana. Ndugu mmoja wa kikundi chetu cha maombi anasema Bwana amemwonyesha kwamba nitaondoka. Dada mwingine, ambaye ninamheshimu vilevile, anasema Bwana ametaka nibaki. Je, amani ya moyoni inatosha kuwa ishara? Na je, ni kosa kufungua Biblia popote na kuuchukua mstari wa kwanza kuwa jibu? Naomba majibu yenye Maandiko, si ya kunifariji tu.

Mzee wa Kanisa:
Binti yangu, anza na mahali ambapo Maandiko yenyewe yanataja mapenzi ya Mungu waziwazi. 1 Wathesalonike 4:3 yasema ni kutakaswa kwetu. 5:18 yasema ni kushukuru katika kila jambo. Hakuna aya inayotaja mji wa kufanyia kazi. Tena katika 1 Wakorintho 7:39 Paulo anamwambia mjane kwamba yu huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu. Ikiwa jambo zito kama ndoa limeachiwa hiari ya mtu ndani ya mpaka uliowekwa, sioni kwa nini uchaguzi kati ya kazi mbili halali usubiri sauti kutoka mbinguni.

Wengi watakutajia ngozi ya Gideoni, ile ya kondoo aliyoitandaza nje usiku akiomba umande uwe ishara yake. Someni sura yote ya Waamuzi 6: alikuwa amekwisha kuambiwa aende akawaokoe Israeli kabla hajaitandaza, na alipoomba mara ya pili alimsihi Mungu asimkasirikie. Ile ilikuwa rehema kwa mwenye mashaka, wala haikuandikwa iwe kanuni yetu. Kura nazo, mara ya mwisho mitume kuzipiga ni katika Matendo 1, walipomchagua Mathiya, kabla ya Pentekoste. Katika sura ya 15, swali la kama waamini wasio Wayahudi lazima watahiriwe lilipowagawa, walihojiana sana, wakasikiliza shuhuda, wakapima kwa maneno ya manabii, ndipo wakaandika kwamba limempendeza Roho Mtakatifu na wao. Roho hakuwapitia pembeni walipokuwa wakihojiana; alikuwa kazini humo humo.

Kuhusu kufungua Biblia popote: Augustino, mwalimu mashuhuri wa Kanisa la kale, alifanya hivyo huko Milano mwaka 386 na maisha yake yakabadilika, na wapenzi wa desturi hiyo hawachoki kumtaja. Lakini angalieni alichokutana nacho katika Warumi 13: agizo la kuacha ulevi na ufisadi na kumvaa Kristo, ambalo linamhusu kila Mkristo, hata aliyefika hapo kwa kusoma waraka wote kwa utaratibu. Hakupewa habari za mahali pa kuhamia.

Mwombezi:
Mzee, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila nachelea tusije tukabaki na Mungu aliyenyamaza. Katika Matendo 16 Roho alimzuia Paulo kuingia jimbo la Asia, kisha Bithinia, bila kueleza sababu, na baadaye yakaja maono ya mtu wa Makedonia. Hata hivyo Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anaandika “sisi”, si “yeye”: aliyeona ni mmoja, waliopata hakika ni wote.

Dada Tumaini, kuhusu jumbe mbili zinazopingana, soma sura ya 21. Nabii Agabo alitabiri kwamba Paulo atafungwa Yerusalemu, na hakukosea. Waliosikia ndio walioongeza kwamba kwa hiyo asiende. Paulo alikwenda. Basi waulize hao wawili, kwa upole, ni kipi hasa walichoonyeshwa na ni kipi walichokisia wenyewe. Tumeagizwa tusitweze unabii na pia tujaribu mambo yote, na maagizo hayo mawili yamekaa pamoja katika 1 Wathesalonike 5.

Msomaji:
Niongeze juu ya amani tu. Yona alilala usingizi mzito melini akiwa anamkimbia Mungu, na Yesu alitoka jasho Gethsemane akiwa katikati ya mapenzi ya Baba. Kwa hiyo utulivu peke yake si hoja, na hofu nayo si katazo. Ignasio wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika karne ya 16 alishauri kwamba wakati wa ukiwa wa kiroho, yaani moyo unapokauka na Mungu kuonekana yu mbali, mtu asibadili uamuzi alioufanya alipokuwa na faraja. Alishauri pia umfikirie mtu usiyemjua kabisa, mwenye swali lako lile lile, ujiulize ungemshauri nini, kisha wewe mwenyewe uufuate ushauri huo. Mimi nimeona hilo la pili linaumbua visingizio haraka.

Tumaini:
Asanteni sana. Nimewauliza. Yule ndugu amesema aliniona katika ndoto nikibeba mzigo. Habari ya kuondoka aliiongeza mwenyewe. Dada anasema hakuona chochote, ila alisikia uzito moyoni alipowawazia wazazi wangu.

Mzee wa Kanisa:
Uzito huo usiupuuze, hata kama si unabii. 1 Timotheo 5:4 yawataka watoto wawalipe wazazi wao mema, na hilo halihitaji ndoto. Nani atawatunza ukiondoka?

Tumaini:
Kaka yangu anaishi karibu nao, lakini hatujawahi kulizungumza. Nitampigia leo kabla sijawajibu waajiri.