Ulinganisho: matamshi ya majina ya magari – ya asili, ya Kiingereza au ya gereji?

mkono_wa_grisi
Wakuu, habari za jioni. Ubishi huu umekuwa mrefu, tuuweke mezani. Jina la gari la kigeni lina njia tatu za kulitamka: ya kwao, ya Kiingereza tuliyoisikia kwenye televisheni, na ya gereji. Yanayobishaniwa zaidi ni haya:

Porsche: Mjerumani husema "Porshe", silabi mbili, e ya mwisho inasikika kwa mbali. Kiingereza cha mtaani huikata, "Porsh". Gereji ni "Poshi".

Volkswagen: kwao "Folksvagen", maana V yao husomwa F na W yao husomwa V. Gereji "Voksiwageni".

Peugeot: Mfaransa "Pezho" kwa kukadiria, gereji "Pijo".

Hyundai: kwa Kikorea ni karibu na "Hyonde". Marekani wanasema "Handei". Sisi tunaisoma herufi kwa herufi.

Mnachagua ipi, na kwa sababu gani?

kilimia6
Kwa magari ya Japani hakuna cha kuchagua, mkuu. Kijapani kina irabu zilezile tano, na karibu kila konsonanti inafuatwa na irabu. Isuzu, Suzuki, Toyota, Mitsubishi: soma kama ilivyoandikwa, umemaliza. Tofauti iko kwenye mkazo tu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema su-BA-ru, wakati Mjapani hupandisha sauti mwanzoni, SU-baru. Neno lenyewe ni zile nyota tunazoziita Kilimia, ndiyo maana nembo ina nyota.

Inayopotosha ni Mazda. Kwao inaandikwa na kusomwa "Matsuda", u ikiwa imemezwa karibu yote, na ni jina la ukoo la Jujiro Matsuda. Ile "zda" ni tahajia ya herufi za Kilatini.

Upande wa spea, Aisin kwao ni "Aishin", na KYB ni kifupi cha Kayaba. Ukisema Kayaba dukani unaeleweka haraka kuliko ukizitaja herufi tatu.

nukta_mbili
Ulaya ndiko alama ndogo zinakofanya kazi kubwa. Citroën ina nukta mbili juu ya e ili o na e zisomwe mbalimbali: "Si-tro-en", si "Sitron". Škoda ina kikofia juu ya S, hivyo ni "Shkoda". Kiitaliano kina kanuni rahisi: gi ni "ji", ila h ikiingia kati g inakuwa ngumu. Kwa hiyo Giulia ya Alfa Romeo ni "Julia", na Lamborghini ina g ya gari, si j ya jiko. Chevrolet: t haisikiki, "Shevrole".

Audi nayo watu wanaiharibu kwa kuisema "Odi", utadhani mtu anapiga hodi. Mjerumani anasema "Audi" kama tunavyoisoma sisi. Ni neno la Kilatini, "sikiliza". August Horch alizuiwa kutumia jina lake kwenye kampuni yake mpya, na horch kwa Kijerumani ni "sikiliza", basi akalitafsiri.

Na coupé, gari la milango miwili, kwa Kifaransa ni "kupe". Ndiyo, kama yule wa ng'ombe. Msicheke, ndiyo sahihi.

spea_mlangoni
Ubishi mtamu, lakini "Poshi" au "Porshe" haijawahi kuua injini. Zinazoua ni herufi za modeli, na hapo ndipo Kiingereza kinatuponza. Herufi A kwa Kiingereza ni "ei". Sikio la Mswahili likisikia "ei" mkono unaandika E. E kwa Kiingereza ni "ii", mkono unaandika I.

Sasa chukua injini za Toyota. Kuna 4A-FE ya cc 1587 na kuna 4E-FE ya cc 1331. Hapo angalau ukitaja ukubwa wa injini muuzaji atashtuka. Ila kuna 5A-FE na 5E-FE, zote za lita 1.5! Ukisema "faivu ei, wan pointi faivu" na kijana wa kaunta akaandika 5E, kila kitu kwenye karatasi kinaonekana sawa. Kumbe silinda ya 5A ina kipenyo cha milimita 78.7, na ya 5E ni 74.

Gasketi ya silinda hedi itajisema yenyewe: ukiilaza juu ya bloku matundu hayalingani. Ringi za pistoni ndizo za kuangalia, maana ziko kwenye boksi na mtu anazilipia bila kuzipima. Kabla ya kuvisha pistoni, ingiza ringi ya juu ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Mwanya unaotakiwa ni sehemu ndogo tu ya milimita. Ringi ya 74 ndani ya silinda ya 78.7 itaacha pengo la karibu sentimita moja na nusu. Ile ya 78.7 kwenye silinda ya 74 haiingii kabisa, ncha zinapandana.

Namba za bodi pia: Corolla AE110 ina injini ya 5A, EE111 ina 4E. "Ei-ii" na "ii-ii" kwenye simu yenye kelele ni kitu kimoja.

kivu_dizeli
Ongezeni na sisi tuliosoma kwa Kifaransa, Bukavu mpaka Bujumbura. G kwetu ni "zhe" na J ni "zhi". Kwa Kiingereza ni kinyume: G "jii", J "jei". Mtu wa huku akiagiza spea za Toyota Mark II Dar au Nairobi akasema "zhi-zed-iks 110", yaani JZX110, kule wanasikia G. GX110 ina injini ya 1G-FE ya lita 2.0, JZX110 ina 1JZ ya lita 2.5. Si injini za kubahatisha.

mkono_wa_grisi
Basi tunafanyaje? Turudi kwenye a, be, che?

spea_mlangoni
Hapana, kila mtu ana a-be-che yake. Tumia miji: A ya Arusha, E ya Eldoret, G ya Goma, J ya Jinja, M ya Mwanza, N ya Nakuru, B ya Bukoba, D ya Dodoma, P ya Pemba, T ya Tanga, V ya Voi. Hata mwenye sikio zito hakosei. Bora zaidi, piga picha kibati kilichoko chini ya boneti: kina modeli, injini, namba ya fremu, rangi na aina ya giaboksi. Tuma picha nzima, usikate pembeni.

bushi_mpya
Mimi bado natetea jina la asili kwenye maandishi. Kwa mdomo sema Pijo, lakini kwenye kisanduku cha kutafutia andika Peugeot, la sivyo hupati kitu. Majina ya gereji nayo hayavuki mpaka: ukisema shokapu Tanzania umeeleweka, Mombasa watakuambia shokomzoba. Ukiagiza nje ya nchi yako taja na mahali: ya mbele au ya nyuma, kulia au kushoto. Na kulia ni kwa aliyekaa kwenye usukani, si kwa aliyesimama mbele ya gari akitazama boneti.

mkono_wa_grisi
Imekaa vizuri hiyo. Na Huracán ya Lamborghini je?

nukta_mbili
Kihispania. H haisomwi, mkazo mwishoni: "urakán".