Sindano za Kichina kwa kiuno: ndani mna dawa gani?

Dereva wa Malaba: Wakuu, salamu. Naendesha lori Malaba hadi Elegu, kiuno kimenikamata tangu Pasaka na vidonge vinanichoma tumbo. Jirani anasema niende Kampala kwa Wachina. Sindano zao zina dawa gani? Na mbona mtu wa kiuno anachomwa mguuni?

Nesi Mstaafu, Jinja: Pole mwanangu. Dawa hamna. Ni sindano kavu, nyembamba kama unywele, haina hata tundu. Wao hufundisha kwamba mwilini hupita nguvu iitwayo qi, ikifuata njia zake, ikikwama, unaumwa. Njia mojawapo, waiitayo ya kibofu, huanzia kona ya jicho, hushuka mgongoni hadi kidole kidogo cha mguu. Kwa hiyo watakuchoma nyuma ya goti. Utasikia uzito au ganzi, utalala hivyo kama dakika 20 hadi 30. Qi yenyewe mimi sijaiona kwa darubini, lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitaja tiba hii kati ya zinazofaa kwa kiuno cha muda mrefu. Sindano ifunguliwe mpya mbele yako! Na mguu ukilegea au mkojo ukikutoka, hospitali kwanza, siku hiyo hiyo.

Boda Arua: Na mitishamba yao, mama?

Nesi Mstaafu, Jinja: Dawa mseto ya malaria unayomeza ilitokana na mmea wao, pakanga. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel 2015 kwa ugunduzi huo. Ila unga usio na lebo, usiguse.

Dereva wa Malaba: Asante mama. Bei je?