Aliyepunguzwa kazini aingizwe CRB (kwenye rekodi ya waliochelewa kulipa mikopo), au asubiriwe?

Mleta mada: Kiwanda nilichofanyia kazi Athi River kilipunguza watu, nami nikawemo. Mkopo wa benki ulikuwa unakatwa kwenye mshahara. Mshahara ukakoma, mkopo ukabaki. Siku 90 zikapita, nikaingia CRB. Mwaka uliofuata nikapita usaili Nakuru, kazi ya kupanga magunia ghalani, nikaambiwa nilete cheti cha CRB. Sikurudi. Nimeorodheshwa kwa kukosa kazi, na kazi naikosa kwa kuorodheshwa.

Dai langu: aliyepunguzwa apewe miezi sita kabla jina lake kupelekwa. Mtauliza atathibitishaje. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri amjulishe afisa wa kazi, kwa hiyo habari iko serikalini tayari. Wala si jambo geni: wakati wa korona, Aprili hadi Septemba 2020, uorodheshaji ulisimamishwa.

Karani wa mikopo: Pole sana, ndugu. Lakini ukinificha nani amekwama, nitawaogopa wote, na riba ya juu itamwangukia hata mama mboga asiyewahi kuchelewa. Tena katika miezi sita hiyo riba haisimami. Utatoka na jina safi na deni lililonona. Afadhali mtu aje mapema, muda wa mkopo urefushwe, marejesho yapungue. Tatizo wengi huzima simu.

Mdhamini: Mnaongea kana kwamba deni ni la watu wawili. Nilimdhamini mwenzangu kwenye sacco, akafutwa, na wakashika akiba yangu mimi. Ya karo. Sasa jina lake lisipoonekana, akakope kwingine huku mimi namlipia?

Mleta mada: Mdhamini umenishika pabaya, sina jibu. Basi nipunguze dai. Mkopeshaji aone deni, na aone pia kwamba lilianza na barua ya kupunguzwa kazini, si uhuni. Mwajiri asione kitu. Magunia yanahusiana nini na mkopo wangu?

Ila Karani, hilo la kuzima simu silikubali. Mimi nilikwenda benki wiki ile ile, barua mkononi. Nikaambiwa mkopo wangu bado haujachelewa, nirudi ukishachelewa.